Kadi inanipa milioni moja kwa siku, mzee wa trekta anataka milioni 22 mkononi. Nafanyaje?

Mwalimu wa Alizeti

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa jijini Dodoma, naishi Nkuhungu, shamba ninalo Mlali kule Kongwa. Nalima alizeti na mtama. Trekta nakodi, na aliyewahi kukodi trekta ukanda huu anaijua adha yake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zikishuka Desemba kila mtu anataka alimiwe wiki hiyo hiyo, na mwenye trekta anaanza na aliyelipa mapema, anafuata shemeji yake, halafu ndiyo wengine. Mimi huwa nafikiwa majirani wameshaanza kupalilia.

Sasa amejitokeza mzee mmoja wa huko huko, anauza Massey Ferguson 290. Tumepatana milioni 22 pamoja na jembe la sahani tatu. Fundi niliyemtoa Kibaigwa amelisikiliza, akafungua hapa na pale, akaniambia "mwalimu, hili chukua". Kadi ya trekta ipo, ina jina la mzee. Fedha ninayo: akiba, mkopo kidogo na hela ya alizeti ya mwaka jana, yote iko benki.

Kasheshe ni malipo. Mzee anataka taslimu. Nikamwambia, baba, akaunti si unayo, nikuingizie huko halafu ukachukue mwenyewe ukitaka. Akanitazama. "Mwanangu, trekta langu umelishika tairi, umelipanda, fundi wako kalifungua. Na mimi hela yangu nataka niione, niishike." Sikuwa na jibu, maana kwa kweli ana hoja.

Kadi yangu mwisho wake ATM ni milioni moja kwa siku, tena laki nne kwa mkupuo. Kwa mwendo huo ni siku 22, kila mkupuo na makato yake. Na hizo hela ninazotoa kidogo kidogo zinakaa wapi? Kabatini, nyumba yenye vijana wawili wa sekondari na rafiki zao wanaoingia na kutoka?

Mdogo wangu anasema nihamishie kwenye simu nikatoe kwa mawakala tofauti tofauti. Mume wangu anasema nenda kaunta, hela ni yako. Kaunta nilishawahi kwenda kutoa milioni sita za kupaua nyumba. Nilihojiwa nikajihisi mshitakiwa, na mwisho nikaambiwa hela haitoshi, rudi kesho.

Naomba aliyewahi kununua kitu kikubwa kwa taslimu anieleze alitoaje, alibebaje na walikabidhianaje. Tafadhali msiniambie "usilipe taslimu" mkaishia hapo. Hilo nimeshamwambia mzee na tumebaki pale pale.

Jirani wa Makole

Mwaka huu kuna muuzaji anakataa benki? Dada yangu, hapo pana jambo. Ama trekta lina kesi, ama mzee ana mkopo umelala na anajua hela ikigusa tu akaunti benki inakata chake. Umeiona kadi halisi au kopi?

Mstaafu wa Kaunta

Mwalimu, pole na majukumu. Nimekaa nyuma ya kioo cha kaunta kwa muda mrefu, kwanza Singida, baadaye Dodoma, sasa nafuga kuku Veyula. Ngoja nikueleze jinsi mambo yanavyokwenda upande ule wa ndani.

Ile milioni moja ni ukomo wa kadi, akaunti yako haijafungwa kwa kiasi hicho. Umewekwa kwa sababu ya mwizi: akikuibia kadi na namba ya siri, asiweze kukomba kila kitu usiku mmoja. Laki nne kwa mkupuo ni habari ya mashine yenyewe. Mashine nyingi zinapitisha noti 40 tu kwa wakati mmoja, na noti yetu kubwa ni ya elfu kumi. Kwa hiyo ATM iondoe kabisa kwenye mipango yako. Hata wakikupandishia ukomo, na baadhi ya benki hupandisha ukijaza fomu, bado ungesimama pale unabonyeza huku foleni nyuma yako inahesabu na wewe.

Kaunta unaweza kutoa zote. Kinachokwamisha ni kitu ambacho mteja haelezwi: kila tawi lina kiwango cha fedha kinachoruhusiwa kulala kwenye chumba cha hazina, na bima inakwenda na kiwango hicho. Kinachozidi jioni kinaondolewa. Tawi dogo linaweza kuamka na fedha chache, likasubiri wateja waweke ndipo lipate za kuwapa wengine. Ukitokea ghafla unataka milioni sita, na kuna wawili mbele yako wanataka kama wewe, utaambiwa rudi kesho. Aliyekuambia hivyo huenda alisema kweli, ila alipaswa kukueleza kwa nini.

Dawa yake ni taarifa. Nenda mwenyewe siku mbili kabla, uonane na msimamizi wa kaunta, mwambie kiasi na siku. Usipige simu, na usimweleze mlinzi wala yule kijana wa kupanga foleni. Epuka zile siku za mwisho wa mwezi mishahara ya serikali inapoingia. Wewe ni mwalimu, unazijua kuliko mimi.

Maswali nayo yana sababu. Tuna Sheria ya kudhibiti fedha haramu tangu mwaka 2006, na benki inalazimika kujua fedha kubwa inatoka wapi na inakwenda wapi. Miamala mikubwa ya taslimu hupelekewa taarifa kwenye Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Kutolewa taarifa si kushitakiwa. Nenda na kitambulisho cha NIDA na rasimu ya mkataba wa mauziano, ukiulizwa jibu "nanunua trekta", basi. Anayejikanyaga ndiye anayeongezewa maswali.

Ndiyo maana ushauri wa mdogo wako ni mbaya kuliko yote. Kuivunja milioni 22 vipande vipande kwa mawakala ndicho hasa wafanyakazi wa benki wanachofundishwa kukitilia shaka. Hela yako halali unaivalisha nguo za hela ya wizi. Na wakala wa mtaani taslimu yake yenyewe haifiki mbali, makato ya kutoa utayalipa kila kituo.

Sasa mzee. Anataka aone na ashike. Mpe haki hiyo, lakini mpe ndani ya benki. Kama benki yenu ni moja, toeni kwenye tawi lake. Fedha inatoka kaunta, mashine inahesabu mbele yake, anashika, ananusa, anafanya anavyotaka. Hapo anasaini mkataba na kukukabidhi kadi. Akitaka kuiweka, kaunta ni ile ile. Akitaka kuondoka nayo, ni yake. Wewe hujatembea hatua moja barabarani na fedha.

Kama benki ni tofauti, hundi isahau: hundi ya kwenda benki nyingine mwisho wake ni milioni 10. Juu ya hapo ni TISS, mfumo wa Benki Kuu ambao upo tangu 2004. Ukiingiza asubuhi ya siku ya kazi, kwa kawaida inafika siku hiyo hiyo, naye anakwenda kaunta kwake kuitoa au kuiacha.

La mwisho, jembe. Kadi ya trekta hailitaji. Liandikwe kwenye mkataba, na idadi ya sahani iandikwe, maana nimeona ndugu wanagombana kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Dalali wa Mizani

Mzee wangu Mstaafu kasema vizuri, ila kasema kama mtu wa ndani ya kioo. Ngoja na sisi wa nje tuseme.

Mimi niko soko la mahindi Kibaigwa. Hapa taslimu ndiyo lugha. Mkulima katoka Kiteto na magunia yake, kalala juu ya mzigo njia nzima, hawezi kukusikiliza habari za "itasoma baada ya muda". Anapima, anahesabu, anaondoka. Kwa hiyo kipindi cha mavuno kila mfanyabiashara anakwenda benki kutoa na hakuna anayekwenda kuweka, kwa sababu hela inaondoka na wakulima kwenda vijijini. Saa nne asubuhi unaambiwa tusubiri gari la fedha. Mimi nilishatoa taarifa siku mbili kabla kama unavyosema, nikafika nikapewa nusu. Nyingine nikapewa za elfu mbili mbili na elfu tano tano. Sitaji benki gani, ila noti za simba nilizobeba siku ile ningeweza kufungua mbuga.

Kwa hiyo mwalimu, kama ni miezi ya mavuno, fanyieni Dodoma mjini, matawi makubwa. Mzee apande gari aje, nauli mpe wewe. Kibaigwa mpaka mjini si mbali.

Na mkipewa mabunda msiamini utepe. Milioni 22 ni mabunda 22 ya noti mia mia. Hapa sokoni kuna watu wanavuta noti mbili tatu katikati ya bunda na utepe unabaki kama ulivyo. Yapitishwe yote kwenye mashine, hata yaliyofungwa na benki. Noti ya elfu kumi iinue kwenye mwanga uone sura ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi, na uzi wake. Noti bandia ikikutwa ukiwa bado mbele ya kaunta inajulikana imetoka wapi. Ukishavuka mlango hakuna atakayekusikiliza.

Kama mzee ataondoka nayo, bodaboda hapana. Bodaboda nasema tena hapana. Aende na gari linalojulikana, na mwende mkaombe askari wa kusindikiza. Watu wanaona aibu kuomba polisi, lakini polisi wenyewe kila siku wanahimiza tuombe. Uzito wenyewe ni kama kilo mbili na ushee, unaingia kwenye kimfuko cha sokoni, na hapo ndipo watu wanapojisahau wakapita kwanza mahali kula nyama.

Halafu kuna kitu hamumwambii mzee. Akiziweka zote benki moja na benki ikafa, bima ya amana inamlipa mpaka milioni 7.5. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mpigo. Wazee wanakumbuka.

Mstaafu wa Kaunta

Dalali, hizo benki tano zilikuwa ndogo na mtaji wake ulikuwa hautoshi. Na hiyo 7.5 ni ile inayolipwa na Bodi ya Bima ya Amana. Kinachozidi hudaiwa kwenye ufilisi, ingawa nakubali ni safari ndefu. Mzee mwenye hofu hiyo agawanye benki mbili tatu. Nyumba ya udongo yenye milioni 22 ndani haina bima hata ya senti.

Habari ya noti za simba nimecheka. Tulikuwa tunatoa zilizopo.

Kijana wa Mpwapwa

Mimi niseme kwa niaba ya wazee, maana babu yangu ni wa aina hiyo hiyo na hana kesi wala mkopo.

Aliuza ng'ombe wawili mnadani. Mnunuzi akamwonyesha SMS: fedha imepokelewa, kiasi hiki, salio hili. Jina la mtandao lipo juu, kila kitu kipo. Babu hasomi vizuri bila miwani, akamwita kijana wa pembeni amsomee, kijana akasema ndiyo babu imeingia. Ng'ombe wakaondoka. SMS ilikuwa imetungwa. Ongeza zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinazomfikia kila wiki, utaelewa kwa nini kwake yeye simu ni mdomo wa mwizi.

Akahamia kwenye sanduku. Huko nako 2025 ikamkuta: Benki Kuu ilitoa muda wa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5 noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile mia tano ya 2010, zibadilishwe. Babu alikuwa na za zamani kwenye sanduku tena si haba, na redio yake ilikuwa haina betri. Tuliwahi siku za mwisho mwisho. Tangu hapo anaamini benki nusu na sanduku nusu.

Kwa hiyo mwalimu, usimwambie mzee "SMS itakuja". Mwambie kwamba mhudumu wa kaunta atamchapishia salio kwenye karatasi. Karatasi wanaielewa.

Jirani wa Makole

Nimesikia. Lakini kadi halisi au kopi? Chombo kikiwekwa dhamana, benki huishika kadi halisi.

Mwalimu wa Alizeti

Wakuu, ahsanteni sana. Jumamosi nilikwenda tena Mlali.

Jirani, kadi ni halisi, nimeishika, namba ya chasi nimeilinganisha na ya kwenye trekta. Mkopo hana.

Lakini ulihisi vizuri kwamba pana jambo. Tuliongea kwanza habari za mvua, za wajukuu, mama akaleta ugali wa mtama na mlenda, na tulipomaliza kula ndipo mzee akasema mwenyewe. Akaunti anayo, ila kadi ya ATM iko kwa kijana wake Dar. Laini iliyosajiliwa kwenye akaunti ni ya kijana pia, ndiye aliyemfungulia. Kila hela ya mazao ikiingia, mzee anapigiwa simu ya kuambiwa imetumikaje. Hataki kumsema mwanawe vibaya, anasema "ana watoto wengi mjini". Lakini hela ya trekta anataka anunue ng'ombe na kumalizia nyumba ya mama, na hataki ipite kule.

Nimerudi nyumbani kimya. Sasa taslimu naielewa. Ila bado sitaki nimwachie mzee wa umri ule milioni 22 kijijini. Mstaafu, hapa inakuwaje?

Mstaafu wa Kaunta

Mwalimu, hili nililiona mara nyingi sana kaunta. Mzee anakuja kuuliza salio, unamtajia, anabaki amesimama.

Akaunti ni ya mzee, kijana hana haki yoyote juu yake zaidi ya ile kadi. Mzee akienda mwenyewe na kitambulisho chake, kadi inafungwa siku hiyo hiyo na namba ya simu inabadilishwa. Lakini hapo kijana atajua mara moja na simu itaita. Kama mzee hayuko tayari kwa hilo, na inaonekana hayuko, aiache ile akaunti kama ilivyo, ifanye kazi ya kumtuliza mwanawe. Afungue nyingine mpya kwenye benki yako wewe. Siku hizi namba ya NIDA na alama ya kidole vinatosha kwa sehemu kubwa. Asichukue kadi ya ATM. Laini iwe yake mwenyewe. Kama simu inamsumbua, iwe ya mama.

Hapo mkawa benki moja. Unatoa, anaona, anashika, anaweka. Ada ya kutoa kaunta ulizeni kabla, kila benki ina yake. Kama hataki kuzitumia zote sasa, kuna akaunti ya muda maalumu: inafungwa miezi mitatu, sita, anapata riba kidogo, na hata akija mtu na maneno matamu mzee ana la kujibu. "Zimefungwa, mwanangu." Hiyo ya ng'ombe abaki nayo kwenye akaunti ya kawaida.

Mkataba uwe na shahidi wa upande wake ambaye si wewe wala fundi wako. Mama awepo. Ninyi mnanunua chombo, msije kuonekana mmemrubuni mzee.

Dalali wa Mizani

Hapo kwa mama nakubaliana na wewe kwa mara ya kwanza.

Mwalimu, na kuhamisha umiliki kule TRA usichelewe, mzee awe na TIN na wewe uwe nayo. Usiseme nitafanya baada ya msimu. Mzee akitangulia kabla jina halijabadilika, yule kijana wa Dar ndiye utakayekaa naye mezani.

Mwalimu wa Alizeti

Mzee amekubali. Tunakutana Dodoma mjini Jumatano ya wiki ijayo, atakuja na mama na mdogo wake. Kwa msimamizi wa kaunta nimeshakwenda leo baada ya vipindi, kaniambia niende na mkataba na watatuandalia za elfu kumi tupu. Hata hakunihoji sana.

Limebaki moja. Mzee kasema mashine ihesabu ikimaliza, lakini na yeye atahesabu kwa mkono, zote. Wataturuhusu kweli?

Mstaafu wa Kaunta

Watawaruhusu, ila si mbele ya dirisha. Ombeni chumba cha pembeni, matawi makubwa wanacho. Ni noti 2,200. Mtu ambaye hajazoea atahitaji saa nzima na zaidi, na akipotea katikati anaanza upya, kwa hiyo ahesabu bunda moja moja na kuliweka kando kabla ya kugusa lingine. Benki inafungua saa mbili na nusu. Muwe mlangoni saa hiyo, na awe amekunywa chai.